Bibi Alidhani Nasomea Makuti

Swali la kwanza nililoulizwa nikiwa mkutubi wa chuo kikuu, mwenye shahada, mwenye beji mpya iliyokuwa bado inanuka plastiki, lilikuwa hili: "Dada, samahani, soketi ipi ina umeme?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala vizuri, narudia kichwani tofauti ya bibliografia na katalogi kama vile kuna mtu angenikamata mlangoni anihoji. Kumbe mlangoni palikuwa na kijana wa mwaka wa pili, simu yake imebaki asilimia nne. Soketi yenye umeme sikuijua. Mlinzi ndiye aliyeijua, akamwonyesha kwa kidole: dirisha la tatu, ya chini, ya juu yake imekufa. Kijana akanitazama kwa huruma fulani, akaenda zake.

Wiki mbili za mwanzo nilikaa pale pale mlangoni. Napokea mabegi, natoa vibao vya namba, jioni nafunua madaftari ya watu kuona kama hakuna kitabu kilichojificha ndani. Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, nawaambia mapema: mlangoni mtakaa. Mimi nililia chooni siku ya tatu. Leo mwanafunzi akiniuliza soketi namjibu bila kuinua kichwa, na nikiona maktaba ina msongamano dirisha la tatu, najua kantini umeme umekatika.

Bibi yangu yuko Pangani. Nilipopata nafasi ya stashahada Bagamoyo nilimpigia simu kumpa habari.

"Bibi, nimepata chuo. Nakwenda kusomea ukutubi."

Kimya kidogo. "Kusomea ukuti?"

"Ukutubi, bibi."

"Mjukuu wangu, makuti hapa nakufunza bure. Bagamoyo unafuata nini?"

Na kweli anajua. Makuti ya viungo, makuti ya kumba, lipi la kuezekea na lipi la ua, na nyumba itavuja baada ya misimu mingapi ukimpa kazi mtu mvivu. Nilimweleza kwamba nakwenda kujifunza kutunza vitabu. Akasema, "Haya, vitabu navyo vinahitaji paa." Nilicheka tu wakati ule. Kuna dari moja imeshanivujia juu ya rafu za sheria wakati wa masika, na siku hiyo nilimkumbuka nikiwa juu ya ngazi na ndoo mkononi.

Sitawadanganya kwamba niliuchagua ukutubi kwa mapenzi. Baada ya kidato cha sita nilikuwa Dar es Salaam kwa mama mdogo, nasubiri, na kukaa nyumbani kwa watu bila kazi mnajua kulivyo. Nikawa naaga asubuhi nakwenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa siku ya Uhuru mwaka 1967. Nilifuata utulivu na kiti. Siku moja nikamwuliza mama wa dawati la huduma nitapata wapi habari za historia ya Pangani. Hakwenda kwenye rafu. Aliniuliza kwanza: ya zamani kiasi gani, unataka kwa ajili ya nini, unasoma Kiingereza bila shida? Maswali matatu, kisha akanyanyuka, akarudi na vitabu viwili, na vyote viwili vilikuwa ndivyo. Nilidhani ana kipaji. Bagamoyo ndiko nilikofundishwa kwamba kuhoji vile ni somo, lina mtihani, na mtu anaweza kulifeli.

Chuo cha Ukutubi Bagamoyo kiko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na mwalimu wetu mmoja alishikilia tujifunze kadi za katalogi, zile za kuorodheshea vitabu, ingawa dunia ilikwishahamia kwenye kompyuta. Kadi ya sentimita 7.5 kwa 12.5, ina tundu chini la kupitishia fimbo ya droo, na nafasi za kuacha pembeni unahesabu kwa herufi. Tulinung'unika. Yeye akasema kompyuta itakusamehe, kadi haikusamehi. Kisha shahada, kisha mwaka mmoja na nusu wa kuhesabu siku kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Usaili wa mchujo nilipita. Kwenye usaili wa mahojiano nikaulizwa kanuni tano za ukutubi za Ranganathan, yule Mhindi aliyeziandika mwaka 1931, na kila aliyesomea ukutubi anazo kama wimbo. Nikataja nne. Vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, maktaba ni kiumbe kinachokua. Ile ya nne katika mpangilio wake ikagoma kabisa kutoka. Mwenyekiti wa jopo akaingoja, akaikatia tamaa, akaniuliza mengine. Nilipokuwa kwenye daladala narudi, imejaa, nimesimama mguu mmoja, ikaja yenyewe: okoa muda wa msomaji.

Kazi nilipata hata hivyo. Chuo chenyewe sikitaji. Ni cha bara, asubuhi kuna baridi, na maktaba yake ina chumba cha nyuma kinachoitwa Katalogi.

Huko ndiko nilikohamishiwa baada ya mlangoni, na huko nikamkuta mama mmoja aliyebakiza miaka mitatu kustaafu. Nitamwita Mama, kama tulivyomwita wote. Alikuwa na penseli iliyochongwa kwa wembe, rula ya mbao, na khanga mbili kwenye droo: ya kujifunika baridi na ya kufutia vumbi. Shahada hakuwa nayo. Alikuwa na cheti cha zamani na miaka zaidi ya thelathini ya kushika vitabu, na alikuwa na desturi ya kukifungua kitabu kipya taratibu, kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, akiuminya mgongo kwa kidole gumba ili gundi isikatike. Mimi nilikuwa navifungua kama pakiti ya chipsi. Siku ya kwanza alinitazama, hakusema neno, akanyoosha mkono akakichukua kitabu kutoka kwangu.

Kwa wasioijua kazi hii: kila kitabu hufunguliwa rekodi kwenye kompyuta, na rekodi ina vyumba vyenye namba. Chumba cha 100 ni mwandishi. 245 ni jina la kitabu. 650 ni mada. Tunavitaja kama watu wa mtaa wanavyotaja nyumba: "650 yako tupu," "rudi kwenye 245, umekula herufi." Programu yetu ni Koha, na ukizunguka vyuo vya nchi hii utaikuta sehemu nyingi maana haina leseni ya kulipia. Ilizaliwa New Zealand. Maktaba za Horowhenua ziliogopa kwamba mfumo wao wa zamani utazimika mwaka 2000 ukiingia, wakaagiza waandikiwe mwingine, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakauachia dunia nzima bure. Koha ni Kimaori, maana yake zawadi.

Zawadi nyingine tulizokuwa tukiletewa zilikuwa za namna yake. Zilikuja kwa maboksi. Mwongozo wa kodi ya mapato wa jimbo moja la Marekani, wa 1994. Kitabu cha kutunza maua wakati wa theluji. Nakala kumi na tisa za kitabu cha uhasibu ambacho tangu kichapwe kilikwisha kutoka matoleo mengine matatu. Mkubwa mmoja alipiga picha navyo, picha ikatundikwa, vyenyewe vikasukumwa kwetu. Kuvikataa ni utovu wa adabu. Kuvitupa ndiyo kabisa haiwezekani, maana kikishagongwa mhuri ni mali ya chuo, na mali ya chuo haifutwi kwenye daftari bila kamati na vikao. Kwa hiyo Mama alikuwa na kanuni ambayo Ranganathan hakuiandika. "Usikigonge mhuri leo," alikuwa akisema. "Mhuri ni ndoa." Boksi la mashaka lilikwenda kwenye kabati la kijani nyuma ya mlango, likasubiri huko mpaka apate wakati wa kulipekua moja moja. Wakati wenyewe haukupatikana kila mara.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana kama ni kazi, mimi nilianza kuijua siku ile, si siku ya kuapishwa.

Tunatumia uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, yaani mpango wao wa kukipa kila kitabu namba ya rafu kufuata mada. Humo Kiswahili kinakaa PL8701 mpaka PL8704. PL ni nyumba ya lugha za Asia ya Mashariki, Afrika na visiwa vya Pasifiki, kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili akifuata rafu tangu mwanzo atapita Kijapani, Kikorea na Kichina ndipo afike nyumbani. Kiingereza kimejengewa PE yake peke yake. Wanaotumia mpango mwingine, wa Dewey, nao wasicheke: kwao Kiingereza ni 420 na Kiswahili ni 496.392. Halafu lugha zetu zimepangwa kwa alfabeti ya Kiingereza bila ki- mbele. Kisukuma kimekaa jirani na Kiswahili kwa sababu ya herufi S, Kizulu kiko mwisho kabisa, na anayevitafuta vyote kwenye K atazeeka.

Mwezi wangu wa tatu Katalogi niliorodhesha kitabu kimoja cha sintaksia ya Kiswahili. Nakala moja tu, tumeinunua kwa taabu. Badala ya PL8701 nikaandika PL8071. Tarakimu mbili zimebadilishana viti. Nikachapa lebo, nikaibandika mgongoni, nikaipitisha kwa gundi ya karatasi ngumu, safi, nikajipongeza. Vijana wa rafu wakakipeleka kilikoandikiwa, katikati ya lugha ambazo hapa kwetu hakuna anayezisomea, kikakaa.

Akaja dada mmoja, mwalimu wa sekondari, anasoma uzamili kwa likizo. Alikuwa na wiki tatu tu za kukaa chuoni kabla shule hazijafunguliwa. Alikiona kwenye katalogi kwa jina lake, kompyuta inasema kipo, hakijaazimwa. Namba aliyoiona ni ile ile ya makosa, lakini yeye ni mtu mzoefu, anajua Kiswahili kiko 8701, akadhani skrini ndiyo yenye kasoro, akaenda kutafuta kwenye Kiswahili. Hakipo. Akaja kwetu. Nikaenda naye mwenyewe, nikatafuta kwenye Kiswahili, maana na mimi mguu unaijua njia. Hakipo. "Labda kuna mtu anakisomea ndani, dada," nikamwambia. Kesho yake vile vile. Keshokutwa. Wiki ya pili alikuwa akipita mlangoni ananiita mdogo wangu kwa sauti ya kuchoka, na mimi nikaanza kuhisi kuna mwanafunzi amekificha, tabia hiyo ipo, wanavigeuza nyuma ya vingine ili wenzao wasivipate kabla ya mtihani. Nikawatukana moyoni watu ambao hawakunikosea kitu.

Alifunga mizigo akaondoka. Siku nne baadaye kijana wa rafu, katika kukagua mpangilio, akaja nacho mkononi akauliza, "Hiki cha Kiswahili kimefuata nini kule?"

Niligeuza mgongo wake nikaisoma namba. Kisha nikaisoma tena kwa sauti, nadhani nilitegemea masikio yaone tofauti na macho. Mama alikuwa mezani kwake. Akaweka penseli chini.

"Mwanangu, bora ungekiiba," alisema. "Kikiibwa, tunaandika kimepotea, msomaji anakwenda kutafuta kwingine. Huyu umemwambia kipo. Wiki mbili unamwambia kipo."

Hakupandisha sauti na hakuandika barua kwa mkuu. Alinipa daftari la kurasa 96, la kawaida la dukani, akaniambia niwe naandika humo makosa yangu tu, tarehe na namba. Ninalo mpaka leo, sasa ni la tatu. Yule dada nilimtumia sura moja kwa WhatsApp, picha kwa picha, nikiomba sheria ya hakimiliki initazame kwa jicho la huruma. Alinijibu "Ahsante mdogo wangu, nimeshawasilisha." Hakuuliza kilikuwa wapi. Ningependa angeuliza.

Tangu hapo nikawa mtu wa katalogi kwelikweli, na watu wakaanza kunicheka kwa hilo. Wenzangu niliomaliza nao wengi walikimbilia upande unaoonekana: hifadhi za kidijitali, mafunzo, miradi yenye wafadhili na posho za semina. Mimi nikawa nabishana kuhusu nukta. Kuna siku nilishika kijitabu chembamba cha mashairi kilichopigwa chapa huku huku kwetu, karatasi kama ya gazeti, jina la mpiga chapa limefifia. Nikajua nitakiorodhesha mwenyewe mwanzo mwisho, nani mwingine atakuwa nacho? Kwa mazoea nikatafuta kwanza kwenye katalogi ya Washington. Kipo, na rekodi imekamilika, mada zote. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, inanunua machapisho ya kanda hii moja baada ya jingine, hata ya kurasa ishirini. Nikanakili rekodi yao kwa dakika mbili. Nilifurahi, na huku naona aibu, kwa pamoja, na sikumwambia mtu.

Majina ndiyo yaliyonipa jina, mkiniruhusu kusema hivyo. Chuo kilipoanza kuweka tasnifu kwenye mtandao nilipewa kusafisha orodha ya waandishi. Mfumo ule unataka jina la ukoo kwanza, mkato, majina mengine. Sasa chukua mtu anaitwa Juma Hamisi Juma. Hamisi ni baba yake, Juma wa mwisho ni babu. Ukoo wake hauandiki popote. Kwenye shahada ya kwanza alisajiliwa "Juma, Hamisi J.", kwenye uzamili "Hamisi, Juma", na makala yake ya kwanza imetoka kwa jina analotumia kwenye harusi. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na kila mmoja wao ana kazi chache za kusikitisha. Kwa wanawake walioolewa katikati ya masomo usiseme. Nilitumia miezi saba kupiga simu: "Shikamoo mwalimu, samahani, hivi wewe unapenda uitwe nani?" Wengine walikata. Mzee mmoja alinieleza ukoo wao tangu walipohama Usambaa, dakika arobaini, na sikumkatiza. Mwisho wa zoezi wahadhiri kadhaa waliona kwa mara ya kwanza kazi zao zote zimekaa kwenye ukurasa mmoja, na nilipopita korido za vitivo nikaanza kuitwa kwa jina badala ya "yule dada wa maktaba". Nikawahimiza wafungue ORCID, ile namba ya mtafiti isiyobadilika hata ukibadilisha jina. Nusu walifungua.

Hayo hayapandishi cheo. Kwenye vyuo vikuu vya umma mkutubi mwanataaluma ana ngazi zake sambamba na za wahadhiri: Mkutubi Msaidizi, Mkutubi, Mkutubi Mwandamizi, mpaka uprofesa kwa wanaofika. Ngazi zinataka uzamili, uzamivu na machapisho. Uzamili niliufanya jioni na Jumamosi. Kwenye machapisho ndipo nilipopigwa.

Barua pepe ilianza na "Mheshimiwa Profesa". Hapo tu ningestuka, mimi profesa wa nini? Lakini maneno matamu ni maneno matamu. Jarida la kimataifa, linakaribisha makala, mapitio ya haraka. Niliwatumia makala yangu kuhusu majina, ile niliyoitolea jasho, na siku tatu baadaye ikakubaliwa. Maoni ya mpitiaji yalikuwa sentensi mbili: makala nzuri, rekebisha sarufi. Ada dola 150. Nililipa kwa kadi ya shemeji. Nilipoipeleka kwenye kikao cha kupandishwa daraja, mjumbe mmoja aliligeuza lile jarida kwenye skrini yake kwa dakika chache akauliza ofisi yao iko wapi hasa. Anwani ilikuwa ya nyumba ya kupanga.

Uchungu ni kwamba aliyewapigia watu hawa kelele kabla ya wengi ni mkutubi wa chuo kikuu kama mimi, Jeffrey Beall wa Denver, aliyekuwa na orodha ya majarida ya kitapeli mtandaoni mpaka alipoiondoa Januari 2017. Nilikuwa nimeisoma habari yake darasani. Nilikuwa na alama A kwenye somo lile! Siku hizi nikifundisha wanaoanza uzamivu namna ya kutambua jarida bovu, naifungua makala yangu mwenyewe kwenye projekta, na dola 150 zinaonekana pale juu kulia. Huwa kimya kinatanda, kisha kuna mtu nyuma anacheka, kisha maswali yanaanza, na maswali hayo ni ya watu ambao nao wamekwishalipa mahali. Sijawahi kupata mada inayofundishika kama hiyo.

Kufundisha kwenyewe kulinijia kwa nguvu. Ilikuwa wiki ya kupokea mwaka wa kwanza, ukumbi una watu kama mia mbili na zaidi, mimi na slaidi zangu thelathini na mbili, slaidi ya tatu umeme ukakatika. Jenereta likakohoa likanyamaza. Nilikuwa nimefika kwenye namna ya kutafuta makala kwa NA, AU, na SI. Nikawaambia: wote mliotoka Mkoa wa Tanga simameni. Wakasimama kama kumi na tano, na vigelegele juu. Sasa waliotoka Tanga NA wamevaa miwani. Wakabaki wawili. Tanga AU Mtwara: wakainuka wengi. Tanga, SI wavulana. Sauti ikatoka nyuma, "Madam, na waliooa?" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Slaidi sijawahi kuzirudia tena kwa somo hilo.

Mhadhiri mmoja wa uuguzi alikuwa amekaa pembeni siku ile, akaja kuniuliza kama makala fulani naweza kumpatia, maana mchapishaji anamtaka dola thelathini na kitu na alikuwa karibu kulipa. Ilikuwemo kwenye Hinari, mkusanyiko wa majarida ya afya mtandaoni. Shirika la Afya Duniani liliianzisha mwaka 2002, na vyuo vya nchi kama yetu huingia bila kulipa. Ilikuwa wazi kwake tangu aajiriwe. Tulikuwa tumebandika tangazo, ndiyo, ubaoni, kati ya ratiba ya usafi na picha ya yule mkubwa na maboksi yake.

Nilishawahi kufika maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyofunguliwa 2018 kwa msaada wa China, inayochukua wasomaji 6,000 kwa mara moja. Nilitembea humo mdomo wazi kama mtu wa shamba mjini. Kilichonikaa zaidi ni dawati moja ambapo dada wa makamo alikuwa akimwuliza kijana: ya zamani kiasi gani, unataka kwa ajili ya nini? Nikasimama nyuma ya nguzo nikasikiliza mpaka wakamaliza.

Tangu mwisho wa 2022 kazi imeongezeka upande ambao sikuutegemea. Wanafunzi wanakuja na orodha ndefu za marejeo walizopewa na ChatGPT, zimenyooka, zina mwaka, zina kurasa, na vitabu vyenyewe havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Tulikuwa na watumishi hewa, sasa tuna vitabu hewa. Ni kama kosa langu la PL8071 lililogeuzwa nje ndani: cha kwangu kilikuwepo hakionekani, hivi vinaonekana havipo. Nimekuwa mwepesi wa kuvinusa, na wepesi huo, nakiri, umenipa kiburi kidogo.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa isimu na orodha ya vitu kumi na vinne. Nikapita na kalamu nyekundu. Hewa. Kipo. Kipo, ila mwaka si huo. Hewa. Cha kumi na moja kilikuwa tasnifu ya 1988 kuhusu majina ya vyombo vya uvuvi, ngalawa, dau, mashua na sehemu zake. Nikakitafuta kwetu, nikakitafuta kwa wenzetu, Washington, kote. "Hewa hiki," nikamwambia, nikakipiga mstari. Akasema kwa adabu, "Lakini Madam, hiki mimi sikupewa na mashine. Nimekikuta kwenye marejeo ya kitabu chenu." Akanifunulia. Kweli kimetajwa, na aliyekitaja ni mtu ambaye hasemi uongo.

Jioni nikampigia Mama. Amestaafu, analima vitunguu, anasema mgongo unamuuma kuliko enzi za maboksi. Nikamsomea jina la tasnifu. Akafikiri.

"Huyo mzee si aliishia huko huko kwenu? Familia ilileta vitabu vyake nikiwa karibu kuondoka. Angalia kabati la kijani, chini kabisa. Sikuligonga mhuri lile boksi."

Asubuhi nilimwita kijana tukalitoa pamoja. Limefungwa kwa kamba ya katani, juu pameandikwa kwa penseli "bado". Ilikuwa ya nne kutoka juu, imepigwa kwa taipureta, kurasa zina michoro ya ngalawa kwa mkono na kila kipande kimeandikiwa jina lake. Kijana akauliza kama anaweza kuiazima leo. Nikamwambia akae kwanza. Nikafuta vumbi, nikaufungua mgongo taratibu, nikafika ukurasa wa jina. Jaladani mwandishi ana majina mawili, ndani ana matatu, na kwenye shukrani amemtaja baba yake kwa jina la ukoo ambalo yeye mwenyewe hajalitumia popote. Nikamtafuta mwanawe kwenye simu. "Shikamoo baba. Samahani kwa usumbufu, napiga kutoka maktaba. Hivi mzee alikuwa anapenda kuitwa nani?"